Sura ya Nne: Jedwali Lisilojua Kinu

Ukijaribu kuzipanga njugu na mbegu za sokoni kwa wingi wa kalori, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba hazipangiki. Gramu 100 za karanga kavu ambazo hazijakaangwa zina kalori 567. Korosho zina 553, mbegu za maboga zilizomenywa 559, pistashio 560, ufuta 573, lozi 579, na kiini cha alizeti 584. Mbegu za tikiti maji, ambazo wengi wetu huzitema, zikimenywa zina 557. Kati ya ya juu na ya chini hapo kuna kalori 31 tu, yaani sukari ya vijiko viwili vya chai. Hata hivyo swali linaloulizwa maofisini, majumbani na hata kwenye kliniki za kisukari ni lile lile: je, korosho hazinenepeshi kuliko karanga? Na lozi, kwa bei ile, si nyepesi zaidi? Majarida huwajibu wasomaji kwa orodha, namba moja hadi namba kumi, kana kwamba ni msimamo wa ligi. Hoja ya sura hii ni kwamba orodha hiyo inapima mahali pasipo na tofauti na kupaacha palipo nayo. Yanayotokea kati ya ganda na koo, yaani kama punje imetafunwa nzima, imetwangwa, imesagwa, imechemshwa au imekamuliwa, hubadilisha kalori zinazoufikia mwili kuliko jina la punje yenyewe.

Kufanana huku kuna sababu. Mbegu ni akiba ya chakula cha mche kabla haujaota majani ya kujilisha, na mimea tunayoizungumzia imeiweka akiba hiyo katika mafuta. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori tisa hivi, wakati gramu ya wanga au ya protini hubeba nne, kwa hiyo ganda dogo linalotakiwa kubeba nguvu nyingi hujazwa mafuta. Karanga, lozi, ufuta na mbegu za maboga zote zina gramu 49 au 50 za mafuta katika kila gramu 100. Alizeti huvuka 51. Korosho hushuka hadi 44 kwa sababu sehemu kubwa kidogo ya akiba yake ni wanga, na ndiyo maana korosho zilizosagwa zikitiwa kwenye mchuzi huufanya mzito bila kuhitaji unga. Zipo mbegu zilizoshika njia nyingine kabisa. Njugu mawe huzaa chini ya ardhi kama karanga na huuzwa pembeni ya karanga, lakini mafuta yake ni gramu sita au saba tu. Ni ndugu wa karibu wa kunde na choroko, na hazina yake ni wanga. Upande wa pili kuna makadamia ya Murang'a, Embu na Meru, yenye gramu 76 za mafuta na kalori 718. Kuna jozi, zile njugu zenye umbo la ubongo, kwa gramu 65 za mafuta na kalori 654. Na kuna kweme ya Kilimanjaro na Usambara, mbegu bapa za mmea mkubwa unaotambaa juu ya miti, ambazo kwa desturi hupewa mama aliyejifungua, na ambazo karibu asilimia 60 ya kiini chake ni mafuta. Anayelinganisha njugu mawe na makadamia analinganisha vitu viwili tofauti kweli. Anayelinganisha karanga na korosho anapoteza muda.

Kabla ya kuendelea inafaa kuondoa mtego mmoja unaowanasa hata wasomaji makini, nao ni maji. Jedwali linasema nyama ya nazi mbichi ina kalori 354 kwa gramu 100, na mafuta gramu 33 na nusu. Kwa hesabu hiyo nazi ingekuwa nyepesi kuliko mbegu zote nilizozitaja, jambo ambalo hakuna mpishi wa pwani atakayelikubali. Siri ni kwamba karibu nusu ya uzito wa nazi mbichi ni maji. Ikaushe, na gramu 100 zile zile sasa zina kalori 660 na mafuta zaidi ya gramu 64. Hakuna kilichoongezeka ndani ya nazi. Kilichobadilika ni kile kinachojaza mizani. Karanga hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Zile za kuchemsha na maganda yake, zinazouzwa barabarani zingali zinatoa mvuke, zina kalori 318 tu kwa gramu 100 kwa sababu zimenywa maji hadi asilimia 40 na kitu ya uzito wake. Mtu akikuambia kuwa karanga za kuchemsha zina nusu ya kalori za karanga za kukaanga, yuko sahihi kwa gramu na amekosea kwa punje. Ila tumbo halina mizani ya gramu kavu, linahisi ujazo. Karanga zilizovimba kwa maji, zinazobidi kumenywa moja moja, huliwa polepole na hushibisha mapema. Kwa hiyo hata kosa hili la hesabu lina ukweli wake nyuma yake.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana namba 567 haikutokana na kuchoma karanga ndani ya mashine na kusoma joto lake. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia Wilbur Olin Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut, Marekani, aliwalisha watu vyakula vilivyopimwa, akakusanya kinyesi na mkojo wao, akapima nguvu iliyopotea humo, kisha akatoa wastani ambao dunia nzima inautumia hadi leo: nne kwa protini, tisa kwa mafuta, nne kwa wanga. Chukua karanga yenye gramu 25.8 za protini, 49.2 za mafuta na 16.1 za wanga, zidisha kwa namba hizo, utapata kalori 610 hivi. Mbona jedwali la Marekani linaandika 567? Kwa sababu baadaye, mwaka 1955, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa namba mahususi kwa makundi ya vyakula, na kwa karanga protini ikapewa 3.47, mafuta 8.37, na wanga 4.07. Zidisha tena, utaangukia 567 kamili. Karanga ni ile ile na maabara ni ile ile, lakini kati ya hesabu mbili zinazokubalika kuna pengo la kalori zaidi ya 40. Pengo hilo ni kubwa kuliko tofauti yote kati ya korosho na alizeti. Mwenye kiwanda anayechapa 610 kwenye pakiti yake na mwenye kiwanda anayechapa 567 wote wanasema kweli, na mnunuzi anayesimama mbele ya rafu akizilinganisha pakiti hizo mbili analinganisha kanuni za kuzidisha, hajafika kwenye karanga.

Atwater hakuwa mzembe. Alijua kwamba sehemu ya chakula hupita mwilini bila kutumika, na aliikata katika hesabu zake. Ila wastani wake ulitokana na mlo mchanganyiko wa watu wa nchi yake na zama zake: mkate, nyama, maziwa, viazi. Njugu nzima hazifanani na vyakula hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani katika kituo chao cha Beltsville, Maryland, walirudia kazi ya Atwater kwa lozi peke yake. Watu 18 walilishwa mlo uliopimwa, mara ukiwa na lozi na mara bila lozi, na kila kilichotoka mwilini kikapimwa. Mkono mmoja wa lozi, gramu 28, ambao hesabu ya kawaida huupa kalori kama 170, uliwapa watu hao kalori 129 kwa wastani. Hesabu ya zamani ilikuwa imezidisha kwa karibu theluthi moja. Kituo hicho hicho kimepima pia njugu nyingine: jozi zilitoa kalori 146 badala ya 185, korosho 137 badala ya 163, na pistashio zilipungukiwa kwa asilimia tano tu. Angalia kilichotokea kwa ule msimamo wa ligi. Kwenye jedwali lozi zina kalori nyingi kuliko korosho na pistashio. Ndani ya mwili zimeteremka chini ya zote mbili.

Kwa nini lozi zipoteze sana na pistashio kidogo? Mafuta ya mbegu hayajalala ovyo kama maji kwenye sifongo. Yamefungwa katika matone madogo sana, matone yamo ndani ya seli, na kila seli imezungukwa na ukuta ambao vimeng'enya vya tumbo la binadamu haviwezi kuuyeyusha. Meno hupasua seli zilizo kwenye uso wa kila kipande tu. Zilizo katikati hushuka na mafuta yake hadi utumbo mpana, na nyingine hutoka kama zilivyoingia. Lozi ni ngumu, hukatika vipande vyenye kingo, na kiini cha kila kipande hubaki salama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, waliwataka watu watafune lozi mara 10, mara 25 au mara 40 kabla ya kumeza, na wale waliotafuna mara 10 ndio waliopoteza mafuta mengi zaidi. Kwa maneno mengine, walaji wawili wa lozi zile zile, mmoja mwenye haraka na mmoja mwenye subira, hawapati kalori sawa, na hakuna pakiti inayoweza kuwaandikia wote wawili namba moja ya kweli.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ule uliolinganisha mbegu moja katika maumbo tofauti, kwa sababu hapo jina la mbegu linatoka kabisa kwenye mjadala. Mwaka 2016 kundi lile lile la Beltsville liliripoti kwamba gramu 100 za lozi nzima mbichi hutoa kalori 442, nzima za kukaanga 486, zilizokatwakatwa 504, na lozi zilizosagwa hadi kuwa siagi 653. Siagi peke yake ndiyo iliyolingana na hesabu ya Atwater. Tofauti kati ya lozi nzima mbichi na siagi ya lozi ni kalori 211. Linganisha na zile 31 zilizotenganisha orodha yote niliyoanza nayo. Kwa karanga tunayo kazi ya zamani zaidi, ya Levine na Silvis, iliyochapishwa Marekani mwaka 1980. Watu waliopewa mafuta yao kwa njia ya karanga nzima walitoa katika kinyesi asilimia 17.8 ya mafuta waliyokula. Walipopewa siagi ya karanga walitoa asilimia 7, na walipopewa mafuta ya karanga asilimia 4.5. Mafuta ni yale yale ya karanga katika hatua zote tatu. Kilichobadilika ni idadi ya kuta zilizovunjwa kabla ya chakula kufika mdomoni.

Jikoni kwetu jambo hili linajulikana bila maabara. Nazi hukunwa kwa mbuzi kwa sababu meno yale ya chuma huirarua nyama yake ikawa nyuzi laini, na nyuzi hizo zikimiminiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kwenye kifumbu, mafuta yaliyokuwa kifungoni hutoka pamoja na maji. Tui la kwanza ni zito na jeupe, la pili ni jepesi, la tatu karibu ni maji, na machicha yanayobaki hurushiwa kuku. Hakuna anayejaribu kukamua tui kwenye vipande vya nazi vilivyokatwa kwa kisu. Karanga kwenye kinu hupita hatua ambazo mtwangaji huzijua kwa sikio na kwa mkono: kwanza huwa vipande, kisha unga mkavu unaoruka, halafu unga huanza kushikana, mlio wa mchi hubadilika ukawa wa kitu chenye unyevu, na donge linaloganda kwenye mchi huanza kung'aa. Hapo seli zimepasuka na mafuta yake yamekutana. Donge hilo likiingia kwenye mchicha au kisamvu, moto mdogo ukaachwa uendelee, mafuta hupanda juu na kukaa kwenye kingo za sufuria, na mpishi husema karanga zimeiva. Kwenye jedwali la kalori, karanga za donge hilo na karanga za kutafuna njiani zimeandikwa kwa namba moja. Hata jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, ambalo ni kazi ya heshima na lenye faida kubwa kwa wauguzi na walimu, liliazima takwimu nyingi kutoka hazina za nje, hasa ya Marekani, na likaazima pamoja nazo ukimya huu.

Mbegu ndogo zinaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Mbegu za kitani zimepata umaarufu kwa sababu ya omega-3: zina gramu 42 za mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni ya aina hiyo. Lakini ganda lake ni gumu na linateleza, na nyingi humezwa bila kuguswa na jino. Zilizosagwa hupandisha omega-3 katika damu. Nzima hufanya hivyo kidogo sana. Mtu anayenyunyizia kijiko cha kitani nzima kwenye uji amelipia mafuta ambayo mengi atayasindikiza hadi chooni. Ufuta una hadithi inayokaribiana na hiyo. Ule uliogandishwa kwenye kashata kwa sukari au asali unabaki punje nzima kwa sehemu kubwa, wakati ufuta uliosagwa, kama ule ambao Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda huuchanganya na karanga kupata siagi nzito ya odii, umefunguliwa wote.

Mtu makini atapinga hapa, na ana haki. Atasema watu 18 ni wachache, ni watu wazima wenye afya, wa nchi moja, na tofauti kati ya mlaji mmoja na mwingine ilikuwa kubwa. Huwezi kuchukua wastani wao ukauchapa kwenye pakiti ya korosho za Mtwara. Nakubali, na nisingeshauri mtu aache namba 553 na kushika namba nyingine kana kwamba ndiyo iliyoteremshwa. Ninachokidai ni kidogo zaidi na ni imara zaidi. Mwelekeo ni mmoja katika kila kipimo: nzima hutoa pungufu, iliyosagwa hutoa karibu yote, mafuta yaliyokamuliwa hutoa zaidi kidogo. Lozi, karanga na kitani zote zinafuata njia hiyo, katika maabara zilizotenganishwa na miaka mingi, na sababu yake inaonekana chini ya hadubini. Ukubwa wa pengo unaweza kubishaniwa. Upande linakoelekea haubishaniki.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: kwamba kalori si suala, suala ni aina ya mafuta, na hapo jina la mbegu lina maana kubwa. Hili ni kweli, na ndipo mahali pekee ambapo ningemruhusu mwandishi wa orodha aendelee na orodha yake. Katika gramu 50 za mafuta ya lozi, gramu nne tu hivi ni zile zinazoganda, ambazo wataalamu huziita mafuta yaliyoshiba. Karanga zina sita na kitu, korosho karibu nane, makadamia 12. Katika gramu 33 na nusu za mafuta ya nazi mbichi, karibu 30 ni mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000, na mtu wa wali wa nazi asubuhi na samaki wa nazi jioni anavuka mpaka huo bila kujua. Wapo watakaotaja wazee wa pwani waliokula nazi maisha yao yote, na wanaweza kupata msaada wa utafiti wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Bahari ya Pasifiki, uliochapishwa mwaka 1981, ambao ulikuta ugonjwa wa moyo ni nadra kati ya watu walioishi kwa nazi. Lakini utafiti ule ule ulikuta lehemu katika damu ya Watokelau, walaji wakubwa zaidi wa nazi, iko juu kuliko ya majirani zao, na watu hao walikula samaki tele na sukari kidogo. Anayetaka kuazima nazi yao na aazime mlo wao wote. Hata katika suala hili, hata hivyo, kinu hakikosi la kusema: mafuta yaliyoshiba ya tui hufika mwilini kwa wepesi ambao kipande cha nazi cha kutafuna hakiufikii.

Kuna pia wanaosema mjadala huu wote ni anasa, kwa kuwa njugu zinanenepesha na hilo linatosha. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2011 watafiti wa Harvard walichapisha ufuatiliaji wa Wamarekani 120,877 kwa miaka mingi, wakitazama mabadiliko ya uzito wao kila baada ya miaka minne. Walioongeza njugu katika mlo wao waliongeza uzito pungufu kuliko wengine. Walioongeza krispi za viazi ndio waliopanda zaidi. Ni uchunguzi wa kutazama, na walaji wa njugu huenda wana tabia nyingine njema. Lakini jaribio la Hispania liitwalo PREDIMED, ambamo maelfu ya watu waligawiwa milo na kundi moja likapewa gramu 30 za jozi, lozi na njugu nyingine kila siku, halikuonyesha kundi hilo likinenepa. Jaribio hilo lilikutwa na kasoro katika ugawaji wa washiriki, makala yake ya kwanza ikafutwa na kuchapishwa upya mwaka 2018 na hitimisho likiwa limebaki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo silitumii kama msumari wa mwisho. Nasema tu kwamba kalori 567 zilizotabiri watu wavimbe hazikuwavimbisha, na mafuta yaliyobaki ndani ya seli ni sehemu ya maelezo, pamoja na shibe inayokuja na protini na nyuzinyuzi. Ikumbukwe pia kwamba njugu za kwenye jaribio hilo hazikuwa na kitu kingine. Kashata ni karanga na sukari karibu nusu kwa nusu. Korosho za pakiti nyingi zimekaangwa kwa mafuta mengine juu ya mafuta yake na kupigwa chumvi, na chumvi hiyo huufanya mkono urudi kwenye pakiti mara nyingi kuliko njaa ilivyoutuma.

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba kila msomaji anatafuta kalori pungufu. Si kweli, na haikuwa kweli hata kwa waliotuzoesha kuziogopa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kung'oa vichaka vya Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo, kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Sababu ilikuwa mafuta: vita vilikuwa vimekwisha lakini Waingereza walikuwa bado wanagawiwa mafuta ya kula kwa kadi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Nusu ya uzito wa karanga, ambayo leo mtu wa London anaisoma kwenye pakiti kwa hofu, ndiyo iliyowafanya babu zake walete matrekta Dodoma.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayookoa watoto. Mwaka 1996 daktari Mfaransa André Briend, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, walitengeneza Plumpy'Nut: karanga zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, katika pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500. Haihitaji maji wala moto, na kwa kuwa karibu haina maji, bakteria hawapati pa kuzaliana. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliidhinisha chakula cha aina hiyo kutibu utapiamlo mkali nyumbani badala ya wodini, na tangu hapo kimefika kwenye kambi na zahanati kutoka Turkana hadi Kivu. Mtoto aliyekonda, asiye na magego na mwenye utumbo dhaifu, akipewa karanga nzima angepaliwa, na asipopaliwa angezipitisha. Zikiwa zimesagwa, anapata karibu kila kalori iliyomo. Mama anayepika uji wa lishe nyumbani anafanya kazi ile ile kwa kinu au kwa mashine ya kusaga ya mtaani, na ushauri wa kuongeza karanga kwenye uji wa mtoto una maana pale tu zinaposagwa zikalainika kweli.

Kusaga kuna gharama moja ambayo jedwali haliitaji, nayo ni kwamba kunaficha. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu ambayo haitoki yote kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu maikrogramu 10 tu za sumu hiyo kwa kilo. Punje nyingi zilizoathirika hujionyesha zikiwa nzima: zimesinyaa, zimebadilika rangi, zina vumbi la kijani au ladha chungu inayomfanya mlaji ateme. Zikishakuwa unga au siagi, punje tano mbovu huenea katika kilo nzima na hakuna jicho wala ulimi utakaozikamata. Ndiyo maana karanga za uji wa mtoto huchambuliwa kwenye ungo kabla hazijapelekwa mashineni, na anayenunua unga wa karanga uliokwisha kusagwa ananunua pia uangalifu, au uzembe, wa aliyezichambua.